Shikamoo ya Kisimani

Ukifika Mtendeni ukauliza nyumba ya Mfaume wa visima, utaonyeshwa hata na mtu aliyehamia juzi. Haina geti wala rangi ya kutazamika, ila barazani umelala mduara wa kamba nene, ndoo mbili za chuma zilizobonyea, na kapi kubwa la mbao la kupitishia kamba, ambalo wapita njia hulikalia wakidhani ni kigoda. Mwenyewe ni mtu mfupi, mnene, goti lake la kushoto halikunjiki sawasawa, na ana sauti iliyokusudiwa mtu wa ukubwa mara mbili yake. Kazi yake ni kuchimba visima na kusafisha vya zamani. Kisimani lakini haingii. Anayeingia ni Dionis.

Nataka kumweleza Mfaume tu, maana ndiye jirani yangu, na cherehani yangu iko ng'ambo ya njia mkabala na baraza lake. Ila nimejaribu mara nyingi na haiwezekani. Ukianza na Mfaume, kabla hujafika mbali Dionis ameshaingia na baiskeli yake.

Mfaume ni Mzaramo ambaye hajawahi kukaa Uzaramo hata wiki. Babu wa babu yake alipanda na msafara kutoka pwani enzi zile za pembe na majora ya nguo. Walipofika Tabora mguu ukamvimba, wenzake wakaendelea na safari ya Ujiji, wakamwacha kwa watu wakisema watampitia wakati wa kurudi. Hawakumpitia, au walipita wakakuta ameshaoa. Ukoo mzima umetokana na mguu ule. Dionis yeye ni Mnyamwezi wa vijiji vya upande wa Kipalapala, Mkatoliki, mkulima wa mahindi na karanga, mwembamba wa kupita popote. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu njia hiyohiyo ya misafara, na hawa wawili utani wameufanya kazi ya pili. Mfaume humwita mwenzake mpagazi. Dionis humwita Mfaume mzigo, maana yake ule ulioachwa njiani kwa kukosa mbebaji.

Kwa mtu asiyezoea, utani wao unatisha. Baba yake Dionis alipofariki, kaburi likiwa tayari na jeneza linakaribia, Mfaume aliteremka shimoni akalala chali, akakunja mikono kifuani, akasema haondoki mpaka apewe jogoo, kwa kuwa mzee alikufa hajamlipa ujira wa kumvumilia. Padri alisubiri pembeni, ameshazoea. Apolinaria, mke wa Dionis, alikuwa analia msiba wa baba mkwe, akajikuta anacheka machozi yakiwa bado mashavuni, kisha akamtuma mtu akamate jogoo. Mfaume akatoka na jogoo kwapani, akajipangusa udongo, akasimama kwenye mstari wa kufukia kaburi akiwa analia kuliko wafiwa. Ndivyo ilivyo kwetu. Mtani ana ruhusa ya kucheka mahali ambapo wewe huwezi, na kucheka kwake ni msaada.

Sasa kuna jambo la shikamoo. Dionis amemzidi Mfaume umri wa kutosha, kwa hiyo kwa desturi angepaswa kuamkiwa kila asubuhi. Lakini watani hawaamkiani. Kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja, asubuhi zimeanza hivi: Dionis anafika, anaegemeza baiskeli kwenye nguzo ya baraza, anasimama wima na mikono nyuma.

"Mzigo, shikamoo yangu iko wapi?"

"Nimekuhifadhia, mpagazi. Utapewa siku ya kuzikwa kwako. Nitakuinamia pale kaburini nikupe zote kwa mpigo."

"Nitaitikiaje nikiwa maiti?"

"Ndiyo raha yake. Hutanisumbua."

Wakishamaliza hapo hunywa chai. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba asubuhi wasipoyasema, kwa mfano Jumapili, naona kama kuna kitu kimepotea.

Kisima ni mahali pa kufia. Watu wa mjini hufikiri hatari yake ni kuporomoka kwa udongo, na ni kweli udongo huporomoka, lakini wanaoijua kazi wanaogopa zaidi hewa. Kisima kilichofunikwa muda mrefu hukaa na hewa yake chini, na mtu anaweza kuteremka akiwa mzima, akainama achote tope, asiinuke. Baba yake Mfaume alimfundisha kupima kwa koroboi. Unaiwasha, unaifunga kwenye kamba, unaiteremsha taratibu hadi chini. Ikizimika, hakuna kuingia. Mnakata matawi yenye majani mengi, mnayafunga kamba, mnayapandisha na kuyashusha ndani ya kisima mpaka hewa ichanganyike, mnapima tena. Dionis aliiamini koroboi kama anavyoiamini Rozari. Na kwa kweli iliwalinda.

Aliyewaharibia imani hiyo ni Advera. Huyu ni afisa usalama katika mgodi mmoja upande wa Nzega, mwanamke mrefu asiyetabasamu bila sababu. Alikuwa anajenga nyumba hapa Tabora akataka kisima uani. Alipowaona wanateremsha koroboi, alivua miwani.

"Mzee wangu, hiyo taa inakwambia nini?"

"Inaniambia kuna hewa," Mfaume akajibu.

"Inakwambia kuna hewa ya kuwakia moto. Haikwambii kama kuna sumu. Kuna gesi haina rangi, haina harufu, taa inawaka vizuri kabisa na mtu anakufa pembeni ya hiyo taa. Injini ya pampu inatoa hiyo. Jiko la mkaa linatoa hiyo. Hujawahi kusikia watu wamelala na jiko chumbani hawakuamka?"

Walikuwa wamesikia. Nani asiyesikia.

Siku ya pili alikuja na kipimo. Ni kidude cha rangi ya njano, ukubwa wa redio ndogo, chenye mpira mwembamba mrefu wa kuvuta hewa kutoka chini na kioo chenye namba nne. Namba ya kwanza ni oksijeni, na hewa ya kawaida husoma ishirini nukta tisa. Ikishuka chini ya kumi na tisa na nusu, mtu atoke. Ya pili ni ile gesi ya makaa na moshi, inaitwa kaboni monoksaidi, ambayo inatakiwa isome sifuri. Ya tatu ni gesi ya uozo, ya nne ni gesi za kulipuka. Namba yoyote ikivuka mpaka wake, kidude kinapiga kelele na kuwaka taa nyekundu. Mgodini walikuwa wameletewa vipya, kwa hiyo nyumba ilipokwisha, Advera aliomba kibali cha ofisi yake akawapa kile cha zamani, kwa masharti. Wapime juu, katikati na chini kabla mtu hajaingia. Mdomo wa mpira ubaki ukining'inia karibu na kichwa cha aliye chini, na kipimo kibaki juu kwa Mfaume. Kila baada ya miezi kadhaa wakipeleke Nzega kikarekebishwe. Dionis asivue mkanda wa kamba, ule unaopita makwapani na kufungwa kiunoni, akiwa chini. Na sharti la mwisho alilisema mara mbili: mtu akianguka kisimani, anayemfuata bila vifaa anakuwa maiti ya pili.

Mfaume alikipenda kipimo kama watu wanavyopenda simu mpya. Alikifuta kwa kitambaa, akaniletea nikishonee mfuko. Dionis alikubali kila kitu isipokuwa mkanda. Alisema unamkaba akiinama. Alikuwa anateremka nao, akifika chini anaufungua na kuuacha unaning'inia kwenye kamba yake karibu na bega. Mfaume alimkemea siku za mwanzo, kisha akachoka.

Mashine ikishaingia katikati ya watani wawili, nayo inataniwa. Mfaume aligundua kwamba kuna kitufe cha kujaribu king'ora. Unakibonyeza, kidude kinalia kama kweli. Wakiwa kisimani huko Cheyo, Dionis yuko chini anapakia tope, Mfaume akabonyeza. Dionis alivaa mkanda na kupanda akiparua viwiko vyote viwili ukutani, akatokeza uso mdomoni mwa kisima macho yamemtoka, akamkuta mwenzake amekaa chini anacheka hadi hawezi kupumua. Baada ya siku chache akarudia, tena safari hii akaapa Wallahi hewa ni mbaya, Dionis akapanda tena. Mara ya tatu Dionis hakupanda. Akalipiza. Alinyamaza kimya huko chini. Mfaume akaita, akaita, akavua kandambili, akaweka mguu mmoja ndani ya kisima na goti lake bovu, ndipo sauti ikatoka chini, "Mzigo, usije ukaniangukia." Mtendeni nzima ilisimuliwa kisa hicho na Mtendeni nzima ilicheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikakasirika, na hasira ile ninayo mpaka leo. Nilimwambia Mfaume kwamba yeye ni mtu mzima mjinga. Akanijibu kwamba mimi nishone.

Advera alizisikia habari hizo alipokuja mjini. Alimkuta Mfaume barazani, hata kukaa hakukaa.

"Siku kikilia kweli, utamwambiaje?"

"Nitamwapia."

"Si umeshamwapia uongo?"

Advera akaingia kwenye gari lake akaondoka. Kwa muda kidogo baada ya hapo kitufe hakikuguswa, lakini maneno yalikuwa yameshatumika yote. Hilo nililiona mimi kutoka kwenye cherehani yangu, kwamba Mfaume alikuwa amebaki hana neno hata moja la kweli la kumtolea rafiki yake.

Kisima cha Bi Shamila kiko nyuma ya nyumba yake, njia moja tu kutoka kwetu. Alikichimbisha baba yake, mfanyabiashara wa nguo, na kwa miaka mingi nusu ya mtaa ilichota humo. Tangu maji ya Ziwa Viktoria yafike Tabora, visima vingi vya uani vimefunikwa, na cha Bi Shamila nacho kikafunikwa. Kiangazi kilichopita, siku bomba lilipokauka, Bi Shamila aliamua kisima cha marehemu kifufuliwe. Akamwita Mfaume, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwita.

Asubuhi ile walifanya kila kitu inavyotakiwa, na nalisema hili kwa sababu baadaye watu walisema walizembea. Walifunua, wakapeperusha kwa matawi, wakakiacha wazi. Wakateremsha mpira: juu sawa, katikati sawa, chini oksijeni ishirini nukta tano, gesi ya makaa sifuri. Dionis akavaa mkanda, akafanya ishara ya msalaba, akateremshwa. Alipofika chini akaufungua mkanda, kama kawaida yake. Ndoo ya kwanza ya tope ikapanda, nyeusi na nzito, kamba imefungwa kwenye mpini kwa fundo la Dionis la kufungia magunia ya karanga, ambalo hata ukilipiga teke halifunguki.

Ndoo hiyo ya kwanza ndiyo aliyokuwa anaingoja Bi Shamila. Kwao, kisima kinachofunguliwa upya hufukizwa. Tope la kwanza likishatoka, unateremshwa ubani, inasomwa dua, maji yapate kuja kwa heri. Alitoka jikoni na chetezo kikubwa cha udongo, kile cha harusi, amekijaza makaa mekundu ya jiko la mkaa mpaka juu kwa kuwa kisima ni kikubwa, ubani ameumwaga kwa ukarimu. Kilikuwa kimefungwa waya. Akampa Mfaume.

Mfaume alikipokea kwa mikono miwili, akasema Bismillahi, akakiteremsha mwenyewe hadi katikati ya kisima, akaufunga waya kwenye chuma cha kapi. Bi Shamila akatandika kanga kwenye mdomo wa kisima, akiacha tu mahali pa kupita kamba na ndoo, kwa sababu kinachofukizwa hufunikwa. Hata mwanamke akijifukiza hujifunika, moshi usipotee bure. Akasoma dua, Mfaume akaitikia amina. Mtu aliyefundishwa mambo ya jiko la mkaa, aliyekuwa amesikia habari za waliolala wasiamke, alikuwa ametundika jiko la mkaa juu ya kichwa cha rafiki yake na kulifunika. Nimemuuliza alikuwa anafikiri nini. Anasema hakuona makaa. Aliona ubani.

"Bi Shamila!" Dionis akaita kutoka chini. "Mnanifukiza kama bibi harusi! Nikitoka humu naoa tena!"

"Apolinaria akusikie!" Bi Shamila akajibu huku anacheka, akarudi ndani.

Kazi ikaendelea. Ndoo zilipanda na kushuka. Kisha kipimo kikalia.

Mfaume alikitazama. Oksijeni ilikuwa bado inazidi ishirini, na hiyo ndiyo namba aliyozoea kuitazama, mrithi wa koroboi. Namba ya pili ilikuwa inapanda. Akasema moyoni kwamba kidude kinanusa ubani, kimechanganyikiwa, akakinyamazisha. Kikalia tena. Akakinyamazisha tena. Ndoo iliyofuata ilipanda nyepesi, tope nusu, na mpini haukufungwa kwa fundo la gunia. Kamba ilikuwa imezungushwa tu, imeshikilia kwa bahati. Mfaume akaiangalia kamba hiyo isiyo na fundo. Anasema hapo ndipo alipoyaona makaa.

Aliivuta kanga, akakipandisha chetezo kwa waya na kukitupa uani, kikapasuka, makaa yakatapakaa. Mlio wa kupasuka na sauti yake vilinifikia pamoja, nikaacha nguo kwenye sindano nikakimbia. Bi Shamila naye alitoka. Walikuja pia wanaume wawili wa mashine ya kusaga. Tulimkuta Mfaume ameshika ukingo wa kisima, kipimo kinalia miguuni pake, namba ya pili imeshapita elfu moja. Makaa yameondoka lakini hewa yake imebaki chini na mtu.

"Dionis! Vaa mkanda, toka!"

"Leo hunipati, mzigo." Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Wallahi kinalia kweli!"

"Ulisema Wallahi kule Cheyo."

"Unakufa, mpagazi! Unakufa!"

Dionis akacheka. Kicheko kilianza vizuri, kisha kikaendelea tu, hakina sababu. Mkanda ulikuwa unaning'inia pale pale kando ya bega lake, tuliuona. Kilichotakiwa ni yeye kuuvaa na kufunga kishikizo. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kumfungia. Bi Shamila alimwita, nami nikamwita, Dionis akasema, "Kumbe na ninyi mmeungana naye," akaendelea kucheka.

Mfaume akavua kandambili. Aliweka mguu mmoja juu ya ukingo. Nilimwona akikitazama kipimo, kisha akautazama mguu wake, kisha akauteremsha. Nilijua amekumbuka maneno ya Advera, na nilijua pia ni nini kilimgharimu kuyakumbuka. Kisha akafanya jambo ambalo sijamwona akilifanya kwa miaka. Alipiga magoti. Yeye huswali amekaa kwenye kiti kwa sababu ya lile goti. Alipiga magoti yote mawili kwenye tope, akainamisha kichwa ndani ya mdomo wa kisima, na ile sauti yake kubwa akaiacha. Alisema taratibu, kama anavyosema mtu na mkubwa wake:

"Kaka Dionis. Shikamoo."

Kicheko kikakatika.

Kipimo kinaendelea kulia. Kisha tukaona mkono ukipapasa hewani, ukaukosa mkanda, ukapapasa tena ukaupata. Ulichukua muda mrefu. Tulisikia kishikizo kikigonga chuma mara ya kwanza, ya pili, kisha kikaingia kwa mlio. Dionis hakuitikia marahaba. Kamba ikatikisika.

Tulivuta sote. Mimi nilivuta, Bi Shamila alivuta na umri wake, wanaume wa mashine walivuta, na Mfaume alivuta akiwa bado amepiga magoti kwa kuwa hakuweza kusimama. Dionis alitokeza mkanda umempita kwapa moja tu na kichwa kimelala begani. Tulimlaza mbali na kisima, akatapika, akafumbua macho, akamtazama Mfaume kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kati yao. Alikuwa anamwogopa. Bajaji ikaja, wakampeleka hospitali, akawekewa oksijeni.

Bi Shamila alibaki uani anaokota vipande vya chetezo.

"Ubani wangu ndio umemfanya hivi?"

"Si ubani, bi mkubwa," Mfaume alimwambia, maana alikuwa hajaondoka, alikuwa anangoja mtu wa kumwinua. "Ni makaa. Na aliyeyateremsha ni mimi." Kisha akalia, mbele yetu wote, kwa sauti.

Jioni alikwenda hospitali akamkuta Apolinaria nje ya wodi. Kwa kawaida angeanza na matusi, angedai jogoo kwa kazi ya kuvuta mtu mzito. Apolinaria alimngoja aseme hivyo, naamini alitaka aseme hivyo, ili ajue kwamba mambo ni ya kawaida. Mfaume alikaa benchini akanyamaza. Ndipo Apolinaria naye alipoanza kulia. Madaktari walisema mgonjwa amewahiwa. Atasumbuliwa na kichwa kwa siku kadhaa, basi.

Advera alipopigiwa simu, alitaka kujua namba zilisomaje, mkanda ulikuwa wapi, nani aliruhusu moto. Alisikiliza yote bila kugomba, jambo ambalo kwa wanaomjua ni baya zaidi. Mwisho akauliza:

"Alikuwa hakuamini. Ulimwambiaje akatoka?"

Mfaume aliona haya, lakini akamwambia.

"Basi litumieni hilo," Advera akasema. "Na lisitumike kwa kitu kingine chochote. Umenielewa, mzee wangu?"

"Nimekuelewa."

Dionis alirudi kazini mvua zilipoanza, wakakimalizia kisima cha Bi Shamila. Ubani ulichomwa, chetezo kipya, kikiwa chini ya mnazi wake mwembamba upande wa pili wa ua, na dua ikasomwa kutokea huko. Maji yalikuja, matamu tu. Kitufe cha kujaribu sasa hubonyezwa mbele ya Dionis, asubuhi, mara moja, kama anavyotaka Advera. Mkanda haufunguliwi tena chini, na Dionis akilalamika unamkaba hulalamika akiwa ameuvaa.

Matusi yamerudi. Ilichukua muda, wiki za mwanzo walikuwa wanaongea kama wakwe, ilikuwa aibu hata kuwasikiliza. Sasa mpagazi ni mpagazi na mzigo ni mzigo. Dionis anafika, anaegemeza baiskeli kwenye nguzo, anatukana ukoo wote wa Uzaramo kuanzia ule mguu uliovimba, wanakaa wanakunywa chai. Shikamoo yake lakini hajaidai tena. Huiruka pale ilipokuwa inakaa, wanaendelea na mengine.

Watoto wa shule hupita njia yetu saa hizo. Wamelelewa vizuri, humwamkia kila mkubwa aliyekaa barazani. "Shikamoo, babu," wanamwambia Dionis. Naye huitikia marahaba vizuri kabisa, anatabasamu. Ila mimi namwona kutoka huku kwenye cherehani: kila wanapolisema neno hilo, kikombe huhamia mkono wa kushoto, na mkono wa kulia unashuka kiunoni, unatafuta mkanda.